Lori la Tatu

Nilipaka kijani. Ndiyo kazi niliyoajiriwa:
penseli za rangi, rula, karatasi ngumu yenye harufu ya dawa,
chumba cha ramani, ghorofa ya pili, Manispaa.
Bonde lote la mto, kijani.
"Usivuke mstari," alisema Bwana Mtalemwa, mkuu wangu,
nami sikuvuka. Miaka kumi na tisa sikuvuka.

Chini ya karatasi watu walivuka.
Nani wa kumlaumu? Kiwanja chenye hati
kina bei ya kiwanja chenye hati;
bondeni mnapatana kwa mjumbe, soda mbili na shahidi.
Mji haukungoja wino wangu ukauke.

Nilipostaafu nikajenga Goba.
Kwa sheria: kibali, mihuri, umbali wote kutoka mpakani,
karo nililichora kwa mkono wangu.
Madirisha nikayaelekeza kwenye upepo wa kusi.
Nikavikataa vioo vile vya buluu
vinavyoigeuza sebule tanuri la mikate,
mtu akanunua kiyoyozi apoe,
kiyoyozi kikapuliza joto kwa jirani,
na jirani naye akaenda dukani.
Nilijiona mwerevu. Niliwahubiria mafundi hadi wakachoka.

Lori la kwanza likamwaga. La pili. La tatu.
Mchanga safi, mwekundu kidogo, bado umelowa,
na ndani yake kipande cha sahani, ua la samawati.
Fundi Ndimbo akakiokota, akakifuta kwa kidole gumba.
"Mama Ramani, hii ilikuwa sahani ya mtu."
Nikacheka.
Nikasema chekecheni, saruji inaganda.

Mto huu wa nyuma, mtoto aliuruka zamani
bila kudondosha kitabu.
Sasa unataka daraja,
daraja linataka zege,
zege linataka mchanga,
na mchanga unajua unatoka wapi.

Masika yale jiko la Bi Sikudhani liliondoka usiku,
mafiga, ndoo, mlango na komeo lake.
Asubuhi nikapima kwa hatua, mazoea hayastaafu:
kutoka kizingiti chake hadi ukingoni, kumi na moja.
Kwenye ramani yangu zilikuwa sitini.

Wiki iliyofuata akaja kijana na kopo la rangi nyekundu.
Akachora X ukutani kwake, akarudi nyuma, akaitazama,
akaunyoosha mguu mmoja wa X uliopinda.
"Samahani, bibi. Mimi napaka tu."
Nilitaka kumwambia neno. Neno lenyewe lilikuwa langu.

Nilikwenda na kile kipande, nimekifunga kwenye leso.
Bi Sikudhani akakigeuza, akakirudisha.
"Si changu. Zangu zilikuwa za bati.
Huyu ni wa huko juu."
Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ndimbo anataka kupiga lipu ukuta wa uzio: lori moja tu.
Nikamuuliza, na udongo? Na chokaa?
Akasema vinawezekana, bibi yake aliishi humo miaka hamsini,
ila nyumba ya udongo benki haikopeshi,
na posa haziji.
Mkwe wangu anataka vigae ua mzima, gari lisichafuke.
Nikamuuliza maji yatapita wapi.
Akasema, yatashuka.

Basi ukuta uko uchi mwaka wa pili,
matofali yote nje kama meno.
Wapitao wanasema pensheni imekwisha. Nawaacha.
Nyumba yenyewe imesimama, haina ufa,
ni imara kwa ukingo wa watu wengine,
na hilo halichekecheki.

Saa tisa usiku yanapita malori.
Hayawashi taa. Hayapigi honi.
Nayahesabu kitandani, moja, mawili,
na la tatu likifika kwenye kona yangu
linapunguza mwendo,
kama linaloikumbuka njia.