Vifuniko vya Zambarau

Umeme umerudi saa nane usiku,
friji ya maabara inaguna tena,
nami nimeshika damu ya Kulwa wa Igoma:
kijana anayumba kama mlevi
na pombe hajawahi kuionja.
Dozi ya kifafa ni ileile ya mwaka jana.
Kipimo kinasema: kawaida.

Kawaida ya nani?

Kule Mwaloni, Kirumba, nimewatazama wachukuzi
wakipita juu ya ubao na magunia ya dagaa.
Gunia lililo begani halimshibishi mtu.
Sharti litue, lifunguliwe, lipimwe kwa kopo,
ndipo sufuria ipate la kusema.
Dawa nayo ndivyo: iliyobebwa na protini
inasafiri bure, moyo hadi ini, ini hadi moyo;
ile kidogo iliyotua ndiyo inayotibu,
ndiyo hiyohiyo inayolevya.
Mashine yangu haijui tofauti.
Inahesabu ya begani na ya chini, inajumlisha, inalala.

Nikauliza basi swali dogo, la chumvi ya mifupa:
kalsiamu nayo ikija kuegemea bega lilelile,
nani atasogea?
Dawa itashikwa zaidi, au itateleza?

Wiki tatu napima.
Mstari kwenye karatasi bapa, kama chapati ya jana.
Bwana Lutonja akacheka kwa pua:
“Nkwimba, birika la kwenu lina chokaa nyingi
kuliko hilo swali lako.”

Leo, nikipangusa meza, nikaviona.
Vifuniko. Zambarau, zambarau, zambarau.
Vichupa vyenye dawa ile inayozuia damu kuganda
kwa kuikamata kalsiamu, chembe kwa chembe,
na kuifunga kamba.

Nilikuwa namtafuta mgeni
niliyemfungia mlango mwenyewe,
kisha nikaandika kwa mwandiko mzuri: hakuja.

Sikulia. Nilifungua kontena la chakula,
nikala dagaa wa kukaanga, wamepoa,
na vichwa vyao, na miba yao,
nikisikia mifupa midogo ikivunjika menoni.
Dirishani, taa za nyumba zilizopanda mawe
zilizimika moja moja, kulipokucha.

Wodini nimekwenda na vifuniko vyekundu.
Kulwa amenitazama, macho yakicheza pembeni,
akakunja mkono wa shati kabla sijasema.
“Tena?”

Tena, nikamwambia.
Zile za kwanza nilizikosea mimi.