Choya na Ulimi wa Mama

Karatasi za litmasi ziliisha mwezi wa tatu,
na Mwalimu Gwimo, badala ya kuandika barua ya nne wilayani,
akatutuma sokoni Mwandiga na shilingi elfu moja:
“Leteni choya. Kavu. Zilizoota ukungu mwachieni mwenyewe.”

Tukachemsha kwenye sufuria ya mpishi wa shule,
tukachuja kwa kipande cha kanga
kilichosaliwa na neno moja tu: UTAJIJU.
Yakatoka maji mekundu, mazito, ya doa lisilofutika.
Sare ya Ntibakazi ni shahidi mpaka leo.

Tone kwenye limau: wekundu ukapanda,
kama uso wa mtu aliyesingiziwa.
Kwenye mtindi, waridi.
Kwenye maji ya ziwa, aliyochota Bukuru kule Kibirizi kwa chupa ya soda,
rangi ikasitasita, ikawa zambarau,
kisha, kama iliyokumbuka kitu, ikaingia ubuluu.
Kwenye maji ya majivu, kijani!
Darasa likalipuka. Mkuu wa shule akaja mbio na fimbo,
akidhani kaingia nyoka.

Mwalimu akaandika ubaoni KIASHIRIA, akapiga mstari.
Mimi nilikuwa nawaza ulimi wa mama.

Mama hupika gwanji nyuma ya jiko letu:
pipa lililokatwa nusu, mawese, kostiki, mti wa kukorogea.
Mizani hana.
Hukata kipande, hukigusa kwa ncha ya ulimi.
Kikiuma kama betri, bado.
Kikinyamaza, kinakwenda sokoni.
Miaka kumi na tisa ya kuonja.
Chai akinywa, hajui kama ina sukari;
hututazama nyuso, ndipo ajue.

Nikaiba choya robo chupa.
Nikapara sabuni ya juzi, nikaiyeyusha, nikadondosha.
Rangi haikusimama kwenye kijani. Ilipita,
ikaenda njano, njano ya macho ya mgonjwa.
“Bado,” nikasema. “Kostiki haijaisha.”
Hakunijibu. Alichukua kipande kilekile, akakigusa,
akafumba jicho moja.
“Bado.”
Akasukutua, akatema kwenye majivu.

Kila Jumapili nikadondosha:
njano,
njano,
njano yenye kijani pembezoni,
ya nne kijani kitupu, kilichotulia.
Na kila Jumapili, baada yangu, ulimi.
Mama, nikamwambia, si lazima tena.
“Na hilo ua lako,” akasema, “nani anasahihisha mtihani wake?”

Mwezi uliofuata alimwaga sabuni mpya.
Ilipokauka akakata kipande,
akakishika karibu na mdomo, akakishusha.
“Dondosha,” akasema,
akakaa kwenye kigoda akilitazama tone,
kama mtu aliyepokewa mzigo njiani
asiyejua sasa mikono aiweke wapi.