Hesabu ya Nne

Shule yetu ilikuwa ghala la katani, Tanga, mtaa wa Gofu Juu.
Gofu Chini tulidhani ni mtaa wa jirani.
Sakafu ya mvule, na chini ya mvule uwazi
ambao hakuna aliyetuambia kina chake.
Hata tulipopiga deki kwa sabuni na ndimu
harufu ya singa ilirudi kabla ya adhuhuri.

Mwalimu Hidaya alishika henzirani.
Hakumpiga mtu. Aligonga mbao:
moja, mbili, tatu,
kisha fimbo ikabaki hewani
kwa urefu wa pumzi.
Nne haitamkwi, alisema. Nne ni ya wenyewe.
Siku ya kwanza tulicheka.
Siku ya pili tuliacha, bila kuambizana.

Tulikuwa kumi na wawili, magodoro ya sufi,
tukiamka na nyayo nyeusi kwa masizi
na mapaja yanauma kama ya waliolimishwa shamba la mtu.
Mama yangu, Barabara ya Nane, angezitazama nyayo hizo mara moja
akatoka bila kiatu kwenda kutafuta mafusho.
Lakini sisi tulikuwa watu wa jukwaa.
Tukasema ni mazoezi.
Tukapakana mafuta ya karafuu.

Mwanasha Semboja alitupita sote.
Akiruka, ulingoja ashuke mpaka ukachoka kungoja.
Jumatatu akaanza kuchechemea,
na kila alipochechemea, mimi nilikuwa mwepesi:
goti langu bovu, la tangu niangushwe na baiskeli ya baba,
likapona kwa usiku mmoja.
Niseme kweli, sikuuliza.
Mtu akipewa goti haulizi limetoka wapi.

Alhamisi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.
"Amerudi kwao Korogwe," alisema Mwalimu Hidaya
akimenya chungwa, ganda lote utepe mmoja usiokatika.
Viatu vya Mwanasha vilikuwa bado uvunguni.
Nani hurudi Korogwe peku?

Usiku nilifuata maji jikoni
nikawakuta walimu watano na mpishi
wamezunguka ungo, wanapiga kura:
kunde kwa huyu, choroko kwa yule.
Hawakuwa uchi. Hawakupanda fisi.
Walivaa khanga za kulalia, mmoja anapiga miayo;
ungedhani ni kikao cha upatu.
Mpishi akahesabu, akataja jina langu
kama anayesoma orodha ya sokoni.
"Huyu hashuki," alisema Hidaya. "Huyu atarithi fimbo."
Nikarudi kitandani na kiu yangu.
Aibu yangu ni hii:
kabla ya hofu, nilifurahi.

Siku ya onyesho vililetwa viti vya kukodi,
akaja afisa utamaduni na shemeji zake.
Tulivalishwa nyuzi za katani zilizotiwa rangi nyekundu,
zikituchoma mabegani.
Chapuo likaanza, vumi likaitikia.

Moja. Mbao zikainuka kidogo, kama kifua.
Mbili. Kitu kikajigeuza huko chini.
Tatu. Goti langu, goti la Mwanasha,
likakunjika lenyewe
likitaka kwenda lilikotoka.

Fimbo hewani.
Kimya kile, nilikiona sasa, kilikuwa na meno.

Nikasema: nne.
Si kwa nguvu. Kama mtu anayeitikia mahudhurio.

Mwalimu Hidaya akapoteza hatua.
Henzirani ikamponyoka, ikabiringika
hadi kwenye ufa wa mbao, ikaingia yote.
Na chini ya mvule sauti ninayoijua, yenye vumbi,
ya mtu aliyengoja sana zamu yake,
ikaendelea: tano.

Sita, akadakia mwingine.
Saba.

Wageni wakapiga makofi wakidhani ndiyo ngoma yenyewe.
Goti likaniachia. Nikaanguka kifudifudi,
sikio juu ya ubao.
Kumi na tisa. Ishirini.
Shule ilikuwa na miaka mingapi?
Ishirini na moja, kwa sauti ya mtoto,
na bado walikuwa wanahesabu.