Jezi Namba Kumi

Mimi mchezo huujua Jumapili, ninapoufua.
Wengine hukaa kwenye tuta la udongo, chini ya mabati manne
tunayoyaita jukwaa hapa Webuye.
Mimi hukaa na karai na mche wa sabuni,
na jezi kumi na nne za Chetambe Nyota
zinanisimulia.

Tumefungwa mara sita mfululizo.
Ya sita na vijana wa Kimilili, mbele ya watoto wetu.
Tangu siku hiyo kila mwenye mdomo ni kocha:
muuza nyama akikata mfupa anamkata Wangwe,
waendesha boda pale stendi wamemstaafisha
bila kiinua mgongo,
hata mchungaji, baada ya matangazo ya harambee,
alisema mtumishi mwema huijua saa ya kuondoka
na hakuna aliyefungua Biblia kutafuta mstari.

Mcheza kwao hutuzwa.
Wangwe kwao hutupiwa makapi ya miwa.

Nami nisemeje? Ushahidi wangu ni maji machafu.
Namba tatu hurudi safi kama ilivyotoka kabatini.
Namba tano, jasho kidogo la kwapa, basi.
Namba kumi ndiyo hurudi na uwanja mzima:
tope kifuani, tope mgongoni, chokaa ya mstari,
na ubavuni alama za njumu za mtu mwingine.
Ukuta wa nyumba ukibomoka
mnamfukuza mpishi?

Lakini sitaki kuwa wakili wa bure.
Huniletea pia bandeji ya goti, ameikunja ndani ya soksi,
nami huianika nyuma ya choo, macho ya watu yasiifikie.
Na siku ile ya Kimilili nilimwona:
aliupokea mpira, akazunguka kama zamani,
kiuno kikazunguka, mguu ukabaki.
Pasi ikawafikia ng'ombe wa Kundu.

Na Mukhwana yupo.
Miaka kumi na tisa, pacha wa Mulongo,
hutoa pasi bila kutazama
kama anayemrudishia jirani chenji yake.
Hajazomewa bado, huyo.
Sijui atasimamaje siku tuta zima litakapomwambia toka.

Kocha Sakwa hunipa mimi orodha niiandike,
eti nina mwandiko wa kukubalika na marefa.
Jumatatu akasema, kumi iache wazi.
Jumatano, iache wazi.
Alhamisi hakusema kitu, alikuwa anauma kifuniko cha kalamu.

Ijumaa jioni akaja Wangwe mwenyewe.
Hakubisha. Aliitoa jezi kambani ikiwa na unyevu bado,
akaniwekea mapajani.
"Punguza mabega. Yule mtoto ni mwembamba."
Nikaanza kumwambia habari za namba tatu,
za namba tano, za rangi ya maji.
Alizisikiliza zote. Nikamwuliza, umetumwa na nani?
Akalipiga goti lake kofi dogo
kama mtu anayemtambulisha mgeni.

Umeme ulikuwa umekatika, mvua inapiga mabati.
Akaketi kwenye kigoda, akanishikia tochi ya simu
nikaanza kushona.
Mkono wake haukutetemeka,
ila mara mbili alimulika ukutani
ikabidi nimwite jina.

Basi, kwenye orodha nimeandika Mukhwana.
Ni kalamu iliyoandika, mimi bado nabisha.
Kesho lango litakuwa lile lile,
na namba tatu, naapa, itarudi safi.

Mabega nimeyapunguza.
Kitambaa sikukikata.
Nimekunja kwa ndani, vidole viwili kila upande,
mishono mirefu, uzi mweupe:
ukivutwa mara moja
unafumuka.