Mlima wa Bwana Jethalal

Mamangu alipigwa picha ng'ambo
bila kuvuka hata Likoni.

Idi ya mwaka sabini na tatu,
yeye na dada zake, Nunu na Zeyana,
walitoka Kibokoni kwa miguu
viatu mkononi mpaka mlango wa studio, visiingie vumbi.
"Simameni hapo," akasema Bwana Jethalal,
na nyuma yao ukuta mzima umechorwa:
mlima wenye theluji, ziwa, bata maji wawili,
kijumba kinachofuka moshi.
Mezani, simu nyeusi
ambayo waya wake uliishia chini ya mkeka.
Mama ameweka mkonga sikioni.
Anacheka na mtu.

Picha ile ilikaa juu ya kabati la vyombo
tukila, tukifanya hesabu, tukichapwa.
"Hapo nilipokuwa Ulaya," huwaambia wageni,
na wapo walioamini, wakauliza nauli.

Nikakua na mlima ule ndani ya jicho.
Nikapata kazi Kilindini, kwenye winchi,
na kampuni ikanipeleka mafunzoni miezi mitatu
katika mji wa baridi
ambao jina lake lilinikwama kooni kama mwiba wa changu.

Jumapili napanda treni na kamera ya kuazima,
nashuka kila penye ziwa.
Picha mia mbili na kumi na tatu.
Kibanda cha tikiti. Daraja. Mbwa aliyevaa koti,
huyo nilimpiga mara tatu,
maana nyumbani wangesema naongopa.
Mwanamke akifagia theluji mlangoni pake
kwa mkono ule ule tunaofagilia mchanga.
Milima ilikuwapo, tele,
na kila mmoja una kosa lake:
huu mnene mno, ule ncha imelalia kushoto.
Bata maji wachafu, wakali,
mmoja alinifukuza mpaka kituoni.
Bwana Jethalal, wewe uliuona wapi?
Nani alikuhadithia?

Siku ya mwisho ukungu ukanyanyuka ghafla
kama mtu afunuaye kawa,
na nikauona. Ni wenyewe. Karibu ni wenyewe.
Nikapiga moja.
Vidole vilikufa ganzi kabla ya ya pili.

Mama nilimkuta ukumbini, amejifunga leso iliyoandikwa
*Mwenye macho haambiwi tazama*,
na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho.
Nikamsogezea picha mpaka puani.
Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule.
Akainusa.
"Theluji?"
"Ndiyo, Mama."
"Na ziwa?"
"Lipo hapo chini ya kidole chako."
Nje muuza mofa alipita akinadi, akarudi, akapita tena.

"Na simu, mwanangu, i wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Siku ile nali nikisema na babako," akasema.
"Alikuwa hajanijua bado."
Akanirudishia picha, akaomba maji.

Asubuhi nikaenda.
Studio sasa ni duka la makava ya simu,
mekundu, ya maua, ya kung'aa.
Kijana wa zamu, Nyawa, alinitazama kama mdai kodi,
kisha akanisaidia kusogeza rafu.
Chokaa imepakwa, ikapakwa tena, ikabanduka,
na palipobanduka, chini kabisa, karibu na soketi,
pana buluu ya ukubwa wa kiganja
yenye ukingo mweupe.
Bawa la bata, au mteremko, sijui.
Nyuma yangu simu ya mteja ililia, hakuna aliyeipokea.

Nikapiga magoti. Mwanga ulikuwa mbaya.
Nikapiga hivyo hivyo,
kisha nikaigusa ile theluji.
Ilikuwa na joto.