Saa Nane, Bududa

Simu ililia saa nane usiku:
Khainza ameshikwa na uchungu, ng'ambo ya Manafwa,
na mvua haijanyamaza tangu juzi.

Naujua mlima huu.
Ulishuka usiku kama huu
ukamfunika dada yangu Nabifo na mahindi yake jikoni.

Sitasema sikuogopa. Magoti yaligongana
kama vikombe kwenye sinia.
Nikafunga mkoba: glavu, wembe, uzi.
"Bwana, tangulia. Wewe huhitaji tochi."

Katikati ya mibuni mlima ulinguruma.
Nikasimama. Nikahesabu pumzi zangu,
na chini yake, utulivu
ambao haukuwa wangu.

Mtoto alilia kabla ya jogoo.
Mkono uliokuwa begani sikuuona;
uzito wake ninao bado.