Bei ya Mizani

Matanga tulianua Jumanne.
Jumatano Mbuke akaja na gundi, karatasi, kalamu ya wino mzito,
akasema: tuanze na jikoni, jikoni hakuna anayelia.
Uongo. Mimi nililizwa na chujio la chai.

Siku tatu tulimpanga baba mafungu mafungu:
cha kugawa, cha kuuza, cha kuchoma,
na kisanduku kimoja cha kunyamazia.
Hatukutundika koti kabla ya kupekua mifuko.
Tiketi ya meli ya Bukoba. Karafuu mbili.
Elfu tano iliyokunjwa ikawa punje ya mahindi.
Na ndani ya kopo la unga wa muhogo, hati ya kiwanja!
Asiyepekua huuza urithi kwa bei ya kopo.

Ndugu kwanza, wateja baadaye.
Kila mmoja alifunga uzi kwenye akitakacho:
Masunga mwekundu, Mbuke kijani, mimi mweupe.
Redio ikafungwa nyuzi tatu.
Tukaipigia kura, Masunga akashinda,
akaenda kukaa peke yake kwenye jabali nyuma ya nyumba
akitafuta stesheni
kwenye redio isiyo na betri.

Shangazi Ng'washi alipita akikagua karatasi za bei.
"Hapa mmeandika maelewano. Futeni.
Mkiandika maelewano hamtaelewana."
Tukafuta.

Tangazo lilisomwa kanisani, likabandikwa kwa kinyozi wa Pasiansi,
kijana wa baiskeli akalizungusha na kipaza sauti hadi Kirumba:
Vyombo vya marehemu Petro Lugembe! Jumamosi! Saa tatu!

Saa kumi na moja alfajiri wachuuzi wa Mlango Mmoja
walishafika getini na tochi zao.
"Dada, tubebe vyote kwa mkupuo, wewe upumzike."
Kupumzika nako kuna bei, na yao ilikuwa ndogo.
Nikawaambia saa tatu.

Vyombo tulivitandaza juu ya mawe.
Mwanza Mungu alitupa meza bila kumlipa fundi:
sufuria kwenye jiwe la chini, vitabu kwenye jiwe kavu,
karabai juu kabisa, ionekane tangu barabarani.
Mbuke alishika pesa. Masunga alisimama mlangoni
asipite mtu ndani kwa kisingizio cha maji ya kunywa.

Vikaondoka. Benchi. Jembe. Pasi ya mkaa.
Mvulana mmoja alijaribu koti la kijivu, likamkaa,
akalipa, akaondoka nalo mwilini,
na mgongo wa baba ukashuka mteremko
bila kugeuka.

Ilibaki mizani.
Miaka thelathini na mmoja alipimia dagaa Mwaloni,
mizani ya kuning'iniza, uso mviringo kama saa ya ukutani.
Niliiandikia laki nne.
Haikuwa bei, ilikuwa mbwa wa kulinda.

Saa nane akaja mama mmoja, Nyabise, mwenye dagaa wa Ukara.
Hakuomba apunguziwe.
Alitoa kilo ya sukari kwenye kikapu, akaitundika.
Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye moja.
"Kwingine kote kilo yangu ilikuwa robo tatu.
Kwa baba yako kilo ilikuwa kilo,
hata mwaka ule tuliogombana hatusalimiani."

Akafungua ncha ya kitenge, akaanza kuhesabu.
Nilikuwa na maneno mdomoni: samahani, hii hatuuzi.
Lakini namba ilikuwa ya mwandiko wangu,
na katika madaftari yake yote, niliyoyapekua ukurasa kwa ukurasa,
baba hakufuta namba hata moja.

Nilimsaidia kuibeba hadi kwenye bodaboda.

Jumatatu benki, msichana wa dirishani
alinusa noti zile, akakunja pua.
Nikamwomba azihesabu mara mbili.